Alama ya Chaki Kwenye Dohani

Jiko la kiwanda cha chai cha Kwemsasa lilikuwa na mdomo, tumbo na koo, na mtu aliyevijua vyote vitatu alikuwa mmoja tu, Mzee Sefania. Mdomo ni mlango wa chuma uliomeza kuni za miwati. Tumbo ni tanuri la matofali lililopasha hewa ya kukaushia majani. Koo ni dohani, bomba nene la chuma lililotoboa paa la bati na kupanda mpaka likaipita mikaratusi. Kwenye dohani hiyo, usawa wa macho ya mtu, Wazungu waliokuwa na kiwanda kabla hakijataifishwa walichomeka kipimajoto cha duara chenye kioo, namba na mshale. Kwa kuwa kilifanana na saa ya ukutani, watu walikiita saa.

Sefania hakujua kuisoma saa hiyo. Miaka kumi na tisa alikuwa amechochea moto kwa namna yake. Alichana ukanda wa jani kavu la mgomba, akauwasha, akausogeza kwenye mlango wa majivu. Muali ukiinama kuingia ndani, kama mgeni kwenye nyumba ya mlango mfupi, basi jiko linapumua. Ukisimama wima, alitia kuni zilizopasuliwa nyembamba. Ukirudi nje kumlamba vidole, alijua koo limeziba masizi. Alizima moto, akapanda juu na fagio la waya. Mwisho alitoka uani kuutazama moshi. Mwembamba unaopanda haraka, kazi ni njema. Mzito wa manjano unaoning'inia kwenye miti, moto umelala.

Mwezi wa Aprili, mwaka sabini na moja, aliletewa Efrazia.

Efrazia alikuwa binti wa Rangwi, miaka ishirini na miwili, na mtoto mmoja wa miezi mitano aitwaye Esta. Baba wa Esta alishuka Tanga kwenye mkonge, na tangu ashuke alikuwa ametuma salamu mara mbili. Efrazia alichuma chai mchana, jioni akaenda kisomo cha watu wazima kwenye ofisi ya Chama. Wenzake walipokuwa bado wanaandika majina yao ulimi nje, yeye alisoma gazeti zima, mpaka matangazo ya vifo. Habari zikamfikia msimamizi wa kiwanda, Bakari, ambaye tangu kiwanda kiwe cha umma alitaka kila mtu amwite Ndugu Msimamizi. Bakari akamtoa shambani, akampa daftari na penseli.

"Kila nusu saa soma saa ya dohani, andika," alimwambia. "Miezi mitatu ya majaribio. Ukinifurahisha, nakuthibitisha karani wa jiko. Na chumba cha matofali utapata."

Hicho chumba ndicho kilichomkaa moyoni. Kambini alilala chumba kimoja na familia mbili, ukuta wa fito na udongo uliopukutika, ukungu ukiingia na kutoka kama mwenyeji. Esta alikohoa mpaka akageuka rangi. Nyumba za matofali zilikuwa kavu, nazo zilikuwa za wenye vyeo na wakongwe wachache. Sefania alikuwa mmoja wao. Mke wake, Marta, ndiye aliyempokea Esta siku ya kuzaliwa, na ndiye aliyebaki naye mama akiwa kazini. Efrazia alipopita jioni kumchukua mtoto, Marta alimsalimia kwa Kishambaa, "Onga mshi, mwanangu," na mtoto alikuwa ameoga, ameshiba, anacheka.

Basi Aprili na Mei Efrazia aliandika alichokiona. Mia nne ishirini. Mia nne thelathini. Mia nne ishirini na tano. Mshale ulisimama katikati ya saa, karibu wima, na Sefania alifanya kazi yake na jani lake la mgomba. Hawakugombana. Wakati mwingine alimwonyesha namna ya kuusikiliza mlio wa bomba kwa kuligonga na fimbo, na Efrazia aliitikia kwa adabu, kama mtu anavyoitikia hadithi ya babu yake.

Juni, baridi imeshika kweli, ikaja karatasi kutoka makao makuu. Bakari alimpa Efrazia aisome mbele ya wafanyakazi wa zamu. Akasoma, sauti imenyooka: ili kuokoa kuni za taifa, joto la dohani katika viwanda vyote lisizidi nyuzi mia mbili na ishirini.

Watu wakatazamana. Efrazia akaenda kwenye saa, akatafuta mia mbili na ishirini kati ya namba, akaipata chini kushoto, akaichorea alama ya chaki juu ya kioo.

"Mshale usipite hapa, baba," alimwambia Sefania.

Sefania aliisogelea alama ile, akaitazama kama anayetazama kidonda. "Hapo? Mwanangu, mshale ukifika hapo moto umelala. Dohani italia."

"Ndivyo karatasi inavyosema."

"Karatasi imewahi kuchochea moto?"

Watu wakacheka. Efrazia akahisi uso unamwaka, kwa kuwa alikuwa mgeni katika cheo na kicheko kile kilikuwa dhidi yake. Akasema kwa sauti ya kusikika na wote, "Hii ni sayansi, baba. Si mambo ya kuchezea majani ya mgomba."

Kicheko kikahama. Halima, mchambua chai, mwanamke wa ulimi mrefu ambaye naye alisoma kisomo lakini kwa kukokotwa, akajipiga paja. "Haya, mzee kapigwa na sayansi! Kaanguka chali!"

Sefania aliutupa motoni ukanda wa jani uliokuwa mkononi mwake.

Wiki zilizofuata jiko likawa mgonjwa. Moshi ukatoka wa manjano, ukalala juu ya bati, ukashuka uani. Chai ilichelewa kukauka ikatoka na uchachu; Halima alisema inanuka blanketi la mtoto anayekojoa. Kwenye viungo vya dohani yakaanza kutoka matone meusi yenye kunata kama lami, yakateremka taratibu na kugandia kwenye chuma. "Inalia," alisema Sefania. Efrazia aliandika: mia mbili kumi na tano, mia mbili ishirini, mia mbili ishirini. Kutoka makao makuu ikaja barua ya kumpongeza Bakari kwa kupunguza kuni nusu kwa nusu. Aliibandika ukutani ofisini kwake.

Lakini Sefania alikuwa na kichwa kigumu. Kila Efrazia alipokwenda kumnyonyesha Esta, alirudi akakuta mshale uko mia tatu tisini, mia nne, kuni zinanguruma. "Nimelipa pumzi kidogo," mzee alisema. "Likikaa hivyo muda wote litakufa, au litatuua." Efrazia akaiandika na hiyo. Kazi yake ilikuwa kuandika.

Chai mbovu ilipozidi, makao makuu wakauliza. Bakari akalichukua daftari, akakaa nalo siku moja. Kesho yake asubuhi akaita mkutano kwenye ua wa kupimia majani.

"Ndugu zangu! Kiwanda hiki cha nani?"

"Chetu!"

"Kuni za nani?"

"Zetu!"

"Basi yupo anayezila."

Akamsimamisha Sefania juu ya kasha la chai. Akaagiza gogo la mwati, akambebesha kichwani. "Shika vizuri, mzee, si unazipenda?" Kisha akamgeukia Efrazia. "Karani. Wasomee."

Efrazia hakuwa amewahi kusoma mbele ya watu mia mbili. Alilifungua daftari. "Tarehe kumi na mbili Aprili, saa mbili asubuhi, nyuzi mia nne na thelathini."

"Zinazotakiwa ngapi?" Bakari aliuliza.

"Mia mbili na ishirini."

"Mmesikia? Mara mbili! Miaka kumi na tisa huyu anateketeza kuni mara mbili! Wakati wa Mzungu, sawa, mali ya Mzungu. Leo je? Huyu ni nani?"

"Kupe!"

"Endelea, karani."

Akaendelea. Kila namba ikafuatwa na "Kupe!" moja ya watu wote, na sauti yake ikazoea, ikapata mwendo, akajua wapi pa kutua ili waitikie. Kwa kweli alisoma vizuri. Mwalimu wake angefurahi. Ukurasa wa nne ndipo aliponyanyua macho akaona gogo linatetemeka, na jasho limeshuka mpaka kwenye kidevu cha mzee, kwenye baridi ile. Akarudisha macho kwenye daftari. Ukurasa ulikuwa haujaisha.

"Una neno, Sefania?" Bakari aliuliza.

"Namba sizijui mimi," alisema mzee. "Moto naujua."

"Na moto unamjua!" Halima alidakia. "Mwoneni nyusi!" Nyusi za Sefania zilikuwa zimeungua zamani, na watu wakacheka mpaka wengine wakashikana mabega.

Wakanyoosha mikono. Afukuzwe. Siku saba awe ametoka kwenye chumba. Kwao ni Mtae, mwisho wa milima, na kila mtu alijua kwamba shamba lake la huko ndugu zake waligawana akiwa hapa anachochea.

Jioni Efrazia alipita kumchukua mtoto. Alikawia mlangoni, akitafuta la kusema. Marta akatoka na Esta, ameoga, ameshiba, anacheka. Akamkabidhi.

"Karibu, karani," alisema Marta, kwa Kiswahili, kile cha ofisini.

"Mama, mimi nilisoma tu kilichoandikwa."

"Ndiyo. Uliandika wewe." Akafunga mlango, polepole, asimshtue mtoto.

Siku ya tatu ilikuwa Jumanne, siku ya kisomo. Mwalimu Danieli alileta somo la vipimo vipya. Akaandika ubaoni kilo, akaandika mita, akafika kwenye joto. "Zamani, wakati wa Mwingereza, tulipima kwa Farenhaiti. Sasa Serikali inatumia Sentigredi. Namba si sawa. Maji yanachemka kwa mia moja Sentigredi. Kwa kipimo cha zamani, je? Mia mbili kumi na mbili."

Penseli ya Efrazia ikasimama.

"Mwalimu," alisema, "mtu atajuaje chombo chake ni cha namna gani?"

"Kuna herufi ndogo. F au C. Angalia vizuri, maana zamani vyote vilikuwa F."

"Na mtu akitaka kugeuza?"

Mwalimu akafurahi, alipenda wanafunzi wa namna hiyo. Zidisha kwa tisa, gawa kwa tano, jumlisha thelathini na mbili. Efrazia akaifanya hesabu pembeni mwa daftari lake. Akairudia. Ikatoka ile ile. Mia mbili na ishirini za karatasi zilikuwa mia nne ishirini na nane za saa ya dohani. Pale pale Sefania alipouweka moto miaka kumi na tisa kwa ukanda wa jani kavu.

Halima, aliyekaa jirani, akachungulia. "Umepata ngapi, shoga? Niazime."

"Bado," alisema Efrazia, akafunika kwa mkono.

Asubuhi aliwahi kazini kabla ya zamu, akafuta kioo cha saa kwa upindo wa gauni. Chini ya masizi, ndogo kama mguu wa sisimizi, palikuwa na F.

Akaenda moja kwa moja ofisini. Bakari alimsikiliza mpaka mwisho, bila kumkatiza, na hilo ndilo lililomtisha. Kisha akainuka, akafunga mlango.

"Nani aliyesoma karatasi mbele ya watu?"

"Mimi, Ndugu Msimamizi."

"Nani alichora chaki?"

"Mimi."

"Daftari lina sahihi ya nani kila ukurasa?"

Efrazia akatazama mlango uliofungwa.

"Unaona. Kosa ni lako peke yako, mimi silimo. Nikilitangaza, Sefania anarudi, wewe unatoka. Unamwacha mtoto alale wapi?" Alisema kwa upole kabisa, kama mjomba. "Sikiliza, mama Esta. Jumamosi lori linakwenda Lushoto, litamchukua mzee na vitu vyake. Jumatatu wakubwa wanakuja kuonja chai. Kwa hiyo Jumamosi hiyo hiyo asubuhi futa chaki, mwambie Yunis wa kuni apandishe moto mpaka hiyo namba yako. Chai itatoka nzuri, watasema tumemwondoa kupe na chai imepona. Nawe unathibitishwa. Chumba cha Sefania kinakuwa wazi. Ukuta wake mmoja umepakana na jiko. Mtoto hatakohoa tena."

"Na mzee?"

"Mzee ni mzee," alisema Bakari. "Amekula chumvi yake."

Efrazia alitoka. Alijiambia atasema kesho. Alhamisi alimkuta Sefania nje ya nyumba akifunga kitanda kwa kamba, akapiga goti, "Shikamoo, baba." Mzee akaitika marahaba, kwa kuwa shikamoo haiachwi hewani, na akaendelea kufunga. Efrazia akainuka, akaenda zake. Ijumaa usiku kucha Esta alikohoa, na alfajiri Efrazia alikuwa ameshajijibu. Hangesema. Alilia kidogo, akanawa uso, akaenda kazini.

Jumamosi saa mbili akafuta chaki. Yunis, mpasua kuni aliyepewa nafasi ya Sefania, alikuwa mtu mwenye nguvu na haraka. "Tupandishe?" aliuliza kwa furaha, maana alikuwa amechoka kulea moto uliosinzia. Akatupia magogo makavu, akaufungua mlango wa majivu wote.

Mshale ukapanda. Mia tatu. Mia tatu hamsini. Mia nne. Ulipofika mia nne ishirini na nane Efrazia alihisi, kwa muda mfupi sana, furaha safi ya mtu aliyepata hesabu. Akaandika. Alipoinua macho mshale ulikuwa mia tano.

"Yunis, inatosha!"

"Sijatia tena!"

Mia sita. Mngurumo ukaanza ndani ya dohani, kama lori linalopanda mlima, ukakua mpaka matofali yakatetemeka. Lami yote ya wiki sita, iliyoganda kooni kwa sababu ya moto baridi, ilikuwa imeshika. Sefania angelifagia koo kwanza kabla ya kupandisha. Hilo halikuwa kwenye daftari wala ubaoni kwa Mwalimu Danieli. Chuma kikageuka chekundu. Juu, dohani ikatapika cheche, zikaangukia lundo la kuni na paa la ghala ambalo ndani yake kulikuwa na wanawake arobaini na majani yaliyoanikwa kwenye magunia.

Watu wakamwagika uani. Na uani, juu ya sanduku la bati, akisubiri lori, alikuwa amekaa Sefania. Marta pembeni yake, Esta mgongoni mwa Marta, kwa kuwa hata siku hiyo alikuwa amekubali kumshika.

Efrazia alimwendea mbio. "Baba! Dohani inawaka!"

"Naisikia."

"Tufanye nini?"

Sefania alimtazama. "Saa inasemaje?"

"Baba, tafadhali!"

"Soma saa. Wewe ndiye msomi."

Yunis akapita na ndoo mbili za maji. "Ukimwaga maji hayo," Sefania alimwambia bila kuinuka, "chuma kitapasuka, na wewe ndani yake." Yunis akasimama, maji yakimwagikia miguuni.

Bakari akafika anahema. "Mzee Sefania! Mzee wetu! Hii si saa ya maneno, watu wataungua!"

"Mimi ni kupe, ndugu. Kupe anajua nini habari za moto?"

"Sefania," Marta alisema chini chini. "Kuna watoto wa watu humo."

"Mikono ilinyooshwa na watu hao." Hakumwangalia mkewe. Alimwangalia Efrazia. "Ulisoma mbele ya watu hawa. Niliona unajua kusoma. Sasa wasomee kwa nini moto wangu ulikuwa kosa, na leo mmeurudisha pale pale na mimi nikiwa juu ya sanduku. Nimekuona asubuhi unafuta chaki. Wasomee, nitainuka."

Cheche moja ikatua kwenye kuni, ikaanza kutoa moshi. Mtu akapiga yowe. Efrazia akageuka, watu wote wako pale, na Bakari nyuma ya mzee anamtikisia kichwa taratibu: usithubutu.

"Kosa ni langu!" alipaza sauti, na haikuwa ile sauti nzuri ya mkutanoni. "Saa ni ya kipimo cha zamani! Karatasi ni ya kipimo kipya! Mia mbili ishirini za karatasi ni mia nne ishirini na nane za hapa! Mzee alikuwa sawa siku zote, sikujua kusoma, mimi ndiye sikujua! Nimelijua tangu Jumanne! Nilimwambia Ndugu Bakari tangu Jumatano!"

"Mwongo huyo!" Bakari alisema.

Watu wakatazama chini. Maneno yote ya Efrazia waliyasikia, isipokuwa hayo ya mwisho, hayo hakuna aliyeyasikia.

Sefania aliinuka. Alikuwa mtu mwingine: akavua koti, akalichovya kwenye ndoo ya Yunis, akaingia. "Fungeni mlango wa majivu! Wa kuni pia! Magunia mabichi, ziba kila penye pengo! Udongo! Leteni udongo! Linyimeni pumzi, msilipe hata chembe!" Akayabana mapengo ya mlango kwa koti lake na mikono yake, ngozi ikatoa harufu, hakuondoka. Halima na wanawake wengine wakapanda kwenye kuni wakazipiga kwa magunia. Mngurumo ukaendelea kwa muda ambao kila mtu baadaye aliutaja kwa urefu wake. Kisha ukakohoa. Ukashuka. Chuma kikaanza kurudia weusi wake, kikilia ta, ta, ta, kama mvua ya mwanzo.

Bakari hakupoteza wakati. Watu wakiwa bado na masizi usoni akapanda juu ya lundo la kuni. "Ndugu zangu, mmeona ujasiri wa mzee wetu! Mzee Sefania anarudi jikoni kwake leo hii! Na mmesikia wenyewe aliyetuponza, amekiri kwa kinywa chake. Tunasemaje?"

Mikono ikanyooshwa. Ilinyooshwa haraka kuliko mara ya kwanza, maana kila mmoja alitaka mkono wake usahau kura ile. Halima aliinua wake, akaushusha, akauinua tena. Efrazia alikuwa bado kwenye majaribio. Siku saba hazikumhusu. Lori lile lile lingemchukua, saa nane.

Vitu vyake vilienea kwenye kapu moja. Aliporudi uani Marta alikuwa anaingiza sanduku ndani, Esta bado mgongoni. Alimshusha mtoto, akamfunga kwenye mgongo wa mama yake kwa khanga ile ile, akakaza fundo mara mbili. Khanga ilikuwa ya Marta. Hakuidai.

"Mpitishe kwa masista Rangwi wamsikilize kifua," alisema. Alisema kwa Kishambaa. Kisha akashika tena mpini wa sanduku.

Dereva alikuwa bado anakula. Efrazia akasikia jina lake likiitwa kutoka jikoni. Sefania alisimama mbele ya dohani, mikono imefungwa matambara yaliyopakwa samli, kopo la chokaa miguuni.

"Ile namba," alisema. "Ni ngapi?"

"Mia nne ishirini na nane, baba."

"Iandike hapo ukutani. Kubwa. Karani mwingine asije akanichorea chaki."

Efrazia akachovya kijiti kwenye chokaa. Aliandika kwa uangalifu zaidi kuliko alivyowahi kuandika kitu chochote, namba tatu zenye urefu wa mkono, zilizonyooka. Akarudi nyuma hatua mbili.

"Baba, nilikuwa nataka nikuambie—"

"Halima!" Sefania aliita. "Njoo hapa. Wewe umesoma kidogo. Ameandika nini?"

Halima akaja, akasimama, akakodoa macho, midomo ikimcheza. Mara hii hakutania. "Nne," alisema. "Mbili. Hii ni... nane."

"Zikiwa pamoja?"

"Mia nne... ishirini na nane."

"Una hakika?"

"Nina hakika, mzee."

"Soma tena."

Halima akasoma tena. Sefania aliitazama namba ile kwa muda mrefu, namba asiyoweza kuijua, kisha akageuka na kuanza kuchagua kuni, akizishika kwa viganja vya mikono ili vidole visiguse. Nje dereva alipiga honi.